Mashine Iliyonyang'anywa Kioo

Ndugu Isakwisa aliniita mhujumu. Hakuniita kwa mzaha, wala kwa hasira za dakika moja ambazo mtu huzijutia akishakunywa chai. Aliliandika neno hilo kwenye barua yenye muhuri, nakala kwa kamati ya nidhamu, mwaka 1983, mwaka ambao neno hilo lilikuwa linawatia watu ndani. Pale Sumbawanga watu walikuwa wanatupa katoni za sabuni mtoni kwa kuogopa kukutwa nazo. Mimi sikuwa na sabuni hata kipande cha kufulia. Nilikuwa na kompyuta, tena isiyo yangu.

Jina langu Atuganile, mtoto wa Tukuyu. Serikali ilinisomesha miezi saba Dar es Salaam kuendesha mashine hiyo, kisha ikanipandisha basi hadi Rukwa, kwenye ofisi ya mradi wa kugawa mbolea. Wafadhili walikuwa wameileta ili ipange kijiji gani kipate mifuko mingapi, kwa lori lipi, siku ipi. Kabla yake makarani wanne walikuwa wanaifanya kazi hiyo kwa wiki sita, na mara nyingi mvua ziliwakuta bado wanafuta kwa raba. Mbolea ya Mwimbi ilikuwa inaishia Namanyere, ya Namanyere haijulikani inaishia wapi, na mkulima wa mahindi anasimama shambani na jembe lake anatazama mawingu. Kompyuta ilikuwa inamaliza orodha yote kwa siku mbili, ilimradi isife katikati.

Ilikuwa kabati la chuma lenye urefu wa mlango, na ilikuwa na njia mbili tu za kuongea na mtu. Ya kwanza ilikuwa kioo cha kutokezea maandishi, chenye vibonye vyake, kilichounganishwa kwa waya mrefu kwenye tundu lililoitwa mlango sifuri. Ya pili ilikuwa taipu kubwa ya kuchapa, iliyokaa kwenye mlango wa kwanza; juu yake niliandika takwimu za vijiji, na juu yake orodha zilitoka kwenye karatasi ndefu iliyojikunja hadi sakafuni.

Ndani ya mashine kulikuwa na programu moja iliyo chini ya nyingine zote, inayozigawia kazi na kuzuia zisigombane. Mafunzoni tuliiita kiini. Programu ya kawaida ikifa, kiini kinaizika na maisha yanaendelea. Lakini kiini chenyewe kikikutana na jambo lisilowezekana, kinasimamisha kila kitu, na kabla ya kunyamaza kinatoa neno la mwisho: nimekutwa na nini, wapi, saa ngapi. Mwalimu wetu alisema hilo ni wosia, na mwendeshaji asiyeusoma hana haki ya kulia matangani. Na wosia huo kiini chetu kilikuwa kinautoa mahali pamoja tu duniani, kwenye kile kioo cha mlango sifuri.

Sasa nikieleze kioo kilikoenda.

Mwezi wa nane Ndugu Isakwisa, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa mradi, aliingia chumba cha mashine na wapagazi wawili. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Rungwe, na akitaka kitu alinisalimia Kinyakyusa.

"Ugonile, mwana wa nyumbani. Hiki kioo nakiazima kidogo."

"Ndugu Mkuu, mashine inakitumia."

"Wewe unatumia taipu, kila siku nakuona. Vitu viwili vya kazi moja ni anasa, na tuko kwenye hali ngumu ya uchumi."

Wapagazi wakakichomoa nyuma, wakakibeba pamoja na vibonye vyake. Waya uliachwa unaning'inia kutoka kwenye kabati hadi sakafuni, mita sita au saba. Sikupenda watu wajikwae. Niliukunja vizuri nikautundika kwenye msumari wa dirishani. Nakiri mapema, kwa sababu baadaye nitasema mengi juu ya makosa ya wengine, na aliyeutundika waya ule ni mimi.

Wiki mbili baadaye Ndugu Isakwisa aliwaalika watumishi nyumbani kwake kuwapokea wageni kutoka mkoani. Tulikaa sebuleni, kuna wali na kuku, kuna pombe ya ulezi kwa wanaoitaka, na mbele yetu, juu ya stuli iliyopakwa vanishi, nikakiona kioo changu. Kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki. Mgeni mmoja akauliza kwa heshima kama ile ni televisheni.

"Ndiyo," alisema Ndugu Isakwisa. "Ila mitambo ya kurushia haijafika nyanda za juu. Ikifika, sisi tuko tayari."

"Na hivi vibonye vyote?"

"Vya kubadilishia stesheni."

Vibonye sitini na kitu. Wageni wakatikisa vichwa, wakavutiwa na wingi wa stesheni. Nakumbuka nilikuwa na paja la kuku mdomoni na sikuweza kulimeza. Televisheni wakati ule ilikuwa Unguja, bara hatukuwa nayo kabisa, na hata mitambo ingefika milima ya Mbizi kesho yake, kioo kile kisingeweza kuonyesha hata inzi. Kilijua herufi na tarakimu tu. Lakini nilikuwa mgeni wa mtu, na mgeni hamwumbui mwenyeji mbele ya wageni wengine. Nilikula nikaaga. Ukimya ule wa sebuleni nauhesabu kama kosa langu la pili.

Mwezi wa tisa mashine ikaanza kufa. Haikufa kila siku. Ilikufa mara mbili kwa wiki, mara tatu, taa zake zinawaka lakini taipu imenyamaza, na kazi ya siku nzima imepotea. Unaizima, unaiwasha, inaanza upya kama mtoto aliyeamka, haikumbuki lolote. Nilikuwa natoka kwenda kutafuta faili ofisi ya pili, nikirudi imeshakufa, sijui imekufa saa ngapi wala kwa nini. Niliangalia umeme, ulikuwa sawa. Nilifuta vumbi, nilibadilisha sahani ya kuhifadhia kumbukumbu za mashine, niliomba Mungu.

Ofisi jirani kulikuwa na redio ya mawasiliano, na mwendeshaji wake alikuwa Felisiani, Mfipa wa Kaengesa, mtu mpole mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Kila siku saa nne asubuhi na saa tisa alasiri alikuwa anaita Dar es Salaam na kupeleka taarifa. Nilimwomba aniulizie kwa mafundi wa kompyuta. Jibu likarudi siku ya pili: someni kioo kinasema nini mashine ikifa, kisha mtueleze.

Felisiani akaniangalia. Nikamwambia ajibu kwamba kioo hakipo.

"Kiko wapi?" wakauliza Dar.

Ndugu Isakwisa alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Waambie kiko matengenezoni."

"Kiko matengenezoni," alisema Felisiani kwenye kipaza sauti, na hakunitazama.

"Basi kirudi kwanza. Bila kioo hatuwezi kuwasaidia. Kwisha."

Mtu wa kawaida, akisikia hivyo, angekwenda nyumbani kwake akatoa chombo cha maua, akatoa kitambaa, akakirudisha kioo. Ndugu Isakwisa alikwenda mezani kwake akaandika barua. Akaeleza kuwa mtambo wa taifa unakufa mara kwa mara mikononi mwa mwendeshaji, kwamba mwendeshaji huyo ameshindwa kueleza sababu, na kwamba kwa maoni yake hiyo ni hujuma dhidi ya kilimo cha wananchi. Kamati ingekaa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikikubaliana naye, faili langu lingetoka kwenye kabati la nidhamu na kwenda polisi. Niliisoma barua ile mara nne. Aliyeng'oa mdomo wa mashine ndiye anayeniuliza kwa nini haisemi, na bado mimi ndiye nitakayefungwa!

Nilikuwa na siku kumi. Nilichukua kitabu cha mashine, kinene kuliko Biblia ya misheni, nikakaa nacho.

Nilichogundua ni kwamba neno la mwisho halipiti njia ya kawaida. Orodha za vijiji zilipitia kwa wasaidizi wengi ndani ya mashine kabla ya kufika kwenye taipu, mmoja anapanga, mmoja anasubiri zamu, mmoja anapeleka. Kiini kikiwa kinakufa hao wote hawaaminiki tena, huenda mmojawapo ndiye aliyeleta msiba. Kwa hiyo kiini hakimtumi mtu. Kinaongea chenyewe, herufi moja baada ya nyingine, moja kwa moja kwenye mlango kilioandikiwa. Na mlango umeandikwa kwa namba. Nikasema, kumbe hili ni jambo la kubadilisha namba: nikitoa ya mlango sifuri na kuweka ya mlango wa kwanza, wosia utatoka kwenye karatasi.

Nilibadilisha namba Jumamosi, kwa taipu ileile, nikaandika kwenye daftari langu nilichokigusa. Jumatatu mashine ikafa. Nilikimbilia kwenye taipu. Karatasi nyeupe, hata nukta hakuna.

Sioni aibu kusema nililia. Nilikaa juu ya boksi la karatasi nikalia mpaka Albina, mhudumu wetu wa ofisi, mama wa Kifipa aliyezoea kuingia bila kubisha, akaniletea chai ya rangi na kiazi kitamu. Alisema tu, "Kula kwanza, binti yangu. Mwenye njaa haoni vizuri."

Alisema kweli. Nilikula, nikasoma ukurasa uleule tena, na nikaliona kosa langu. Kiini hakisemi herufi hivihivi. Kwanza kinauliza, uko tayari? Kikijibiwa ndiyo, kinatoa herufi. Halafu kinauliza tena. Namba zilikuwa mbili, moja ya kuuliza na moja ya kusema, na mimi nilikuwa nimebadilisha ya kusema peke yake. Mashine ilikuwa na taipu pembeni yake, iko tayari kabisa, na yenyewe bado inakiuliza kioo kama kiko tayari. Kioo kiko sebuleni kwa mtu. Ingeuliza mpaka umeme ukatike. Nilibadilisha na namba ya pili.

Jumanne haikufa. Jumatano haikufa pia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisali mashine iharibike. Alhamisi asubuhi, nikiwa nimesimama mbele yake, taipu ikashtuka, ikapiga mistari mitatu, ikanyamaza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza cha fundi, mafupi kama simu ya maandishi. Kwa Kiswahili chetu yalisema hivi:

KIINI KIMESIMAMA.
MLANGO SIFURI UMEFURIKA MANENO YANAYOINGIA.
SAA 10:07.

Nilisoma mara mbili. Mlango sifuri haukuwa na kitu. Vibonye vilikuwa sebuleni kwa Ndugu Isakwisa. Nani alikuwa anaandika? Halafu nikasikia, kupitia ukutani, kitu nilichokuwa nimekisikia kila siku bila kukisikia. Felisiani alikuwa anaita. "Dar, Dar, Rukwa hapa. Dar, Rukwa hapa, nakupata kwa shida." Saa 10:07 ya mashine, kwa hesabu ya Kizungu, ni saa nne na dakika saba, na saa yangu ilionyesha saa nne na dakika nane.

Nikatazama dirishani. Waya nilioutundika kwenye msumari ulikuwa umekaa karibu kabisa na waya wa antena yake, unaopita nje ya dirisha kwenda kwenye mlingoti. Waya mrefu, ncha wazi, hauna kioo mbele yake. Kila alipoita kwa nguvu, waya ule ulikuwa unaipokea redio, na mashine ilidhani kuna mtu amekaa kwenye vibonye anaandika upuuzi kwa kasi ya kichaa. Siku nyingine anaita kwa kifupi na inavumilia. Siku ya hewa mbaya anaita robo saa, na kiini kinafurika. Niliutoa waya msumarini nikauweka chini, nikamwendea.

Nilimwonyesha karatasi. Uso wake ulibadilika kabla sijamaliza.

"Dada Atu, unataka kunizika?" alisema. "Nina watoto sita Kaengesa. Ukiipeleka hiyo, watasema redio ndiyo inaua mashine. Na redio ni mimi."

"Nitasema ni waya."

"Waya hauna shingo, dada. Wao wanatafuta shingo."

Nikamwahidi sitaacha aguswe. Niliamini ninachosema. Niliamini kuwa karatasi yenye maneno ya mashine yenyewe ingetosha, na kwamba watu wazima, wakishaona waya usio na kioo, wataona wenyewe kinachokosekana, bila mimi kutaja sebule ya mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kamati ilikaa Ijumaa saa tatu. Walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa Mzee Polikarp, mwalimu mstaafu, aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama pale kazini. Albina alikuwemo pia, akiwakilisha wahudumu na wapagazi. Watatu waliobaki walikuwa maofisa wa mradi, na wote watatu nilikula nao kuku kwenye ile sebule. Ndugu Isakwisa alikaa pembeni kama mlalamikaji, amevaa suti yake ya Kaunda.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Tueleze."

Nikaeleza, nikatoa karatasi. Ndugu Isakwisa hakuisoma hata. "Karatasi hii imetoka kwenye taipu yake, kwa mikono yake," alisema. "Hata mimi naweza kuandika kwamba mlango umefurika."

Mzee Polikarp akafikiri. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa kamati: akasimama. "Twendeni tukaone," alisema.

Tulijaza chumba cha mashine. Niliwasha kazi ya orodha, kijiji baada ya kijiji kinatoka. Nikautundika waya msumarini kama ulivyokuwa. Mikono yangu nikaiweka nyuma, waone. Mzee Polikarp akamtuma mtu amwambie Felisiani aite Dar, aite kwa nguvu. Sauti ikaanza ukutani. Dakika nne, tano. Ofisa mmoja alianza kutazama saa yake. Ghafla taipu ikaachia kijiji katikati ya jina, ikapiga mistari yake mitatu, na mashine ikafa mbele ya kamati nzima, hakuna aliyeigusa.

Mzee Polikarp akaichana karatasi kwa uangalifu, akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesahihisha imla.

Nilidhani nimeshinda. Nilimtazama Ndugu Isakwisa nikiamini ataona haya.

"Haya," alisema. "Nami nashukuru. Sasa tumempata. Mhujumu hakuwa huyu binti, nilikosea, ni mwana wa nyumbani, nisamehewe. Mhujumu ni redio. Miezi miwili mtu anarusha mawimbi yake kuua mtambo wa serikali. Mwiteni."

Ofisa wa kwanza akasema, "Ni kweli, inaonekana wazi." Wa pili naye akasema ni kweli. Kumbe hivyo ndivyo ilivyo. Mtu mzima anatazama waya mtupu, ncha yake wazi imemwelekea puani, na anachokiona ni Felisiani. Na Felisiani akaja, akasimama mlangoni na vipokea sauti bado viko shingoni, anawaangalia wote, halafu ananiangalia mimi. Mimi ndiye niliyemleta pale. Karatasi niliyoitafuta siku kumi kuniokoa ilikuwa imemkamata yeye.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nilikuwa nimechelea heshima ya mwenyeji.

"Mzee," nilisema, "naomba kuuliza swali moja. Waya huu kazi yake ni nini?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Tueleze."

"Ni waya wa kioo cha mashine. Kioo kikiwepo, waya una mwenyewe, redio hata ipige kelele kutwa haiuingii. Na mashine ikiugua, inasema palepale. Tangu mwezi wa tisa mashine hii imekufa mara kumi na saba. Kila mara kabla ya karatasi hizi ilitaka kusema sababu. Iliusemea waya mtupu. Felisiani hakukiondoa kioo, na mimi sikukiondoa. Kioo kiko sebuleni kwa Ndugu Mkuu, kimevalishwa kitambaa, na anawaambia wageni ni televisheni."

Ndugu Isakwisa akacheka kidogo. "Binti amechanganyikiwa. Ile ni televisheni yangu binafsi."

Mzee Polikarp akawageukia wale maofisa watatu. "Nyinyi mmekwenda kwake. Mmeiona hiyo televisheni?"

Mmoja akasema hakumbuki vizuri. Mmoja akasema yeye alikaa upande wa dirisha. Wa tatu akasema mambo ya ndani ya nyumba ya mtu si mambo ya kamati. Watu niliochota nao wali sinia moja. Kama Albina asingeongea wakati ule sijui ningesema nini.

"Mimi nimeiona," alisema Albina. Aliongea kwa Kiswahili chake cha Kifipa, taratibu, mikono imefungwa kwenye khanga. "Kitambaa kile nimekifuma mimi. Aliniita nipime. Nyuma ya kile kioo kuna kibati kidogo, kina namba za mradi, rangi nyeupe, sawasawa na hizi zilizoko kwenye kabati hili. Nikamwuliza, baba, hiki si cha ofisi? Akasema mama, wewe fuma tu."

Mzee Polikarp akainama, akatazama namba nyeupe ubavuni mwa kabati. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndugu Isakwisa," alisema, "muda wote huu ulikuwa unajua mafundi wanakiulizia kioo?"

"Nilikuwa nakitunza. Huku kuna vumbi."

Nilitaka kusikia neno hujuma likitajwa pale. Lilikuwa limetajwa rahisi sana kwangu, na rahisi zaidi kwa Felisiani. Nilisubiri. Halikutajwa. Mzee Polikarp alisema kioo kirudi siku hiyohiyo, barua dhidi yangu ifutwe, na Felisiani arudi kwenye kazi yake. Ofisa mmoja, aliyekuwa katibu wa kamati, akaandika kwenye muhtasari kuwa chanzo kilikuwa hitilafu ya kiufundi. Nilimwuliza Mzee Polikarp hitilafu hiyo ina jina la nani. Akasema, "Mwanangu, umetoka salama, na mwenzako ametoka salama. Shukuru." Alikuwa mtu mwema, na nilimshukuru, lakini mpaka leo sijalikubali jibu lile.

Kioo kilirudi jioni kwa wapagazi walewale, vumbi la chombo cha maua limechora duara juu yake. Mashine haikufa tena. Orodha ilitoka Jumatatu na Jumanne, malori yakaondoka, na mbolea ya Mwimbi ilifika Mwimbi kabla ya mvua ya kwanza.

Jumatano Ndugu Isakwisa aliingia chumbani. Hakunisalimia Kinyakyusa. Alisimama akakitazama kioo kwa muda, kisha akaitazama taipu.

"Yale maneno ya mwisho," alisema. "Yarudishe kwenye kioo, kama watengenezaji walivyoyaweka. Hukuwa na kibali cha kuyahamisha."

"Kwenye kioo yanafutika mtu akizima swichi, Ndugu Mkuu. Kwenye karatasi yanabaki."

"Ndiyo maana nasema uyarudishe."

Nilikuwa najua namba zote mbili kwa kichwa. Ingenichukua dakika tano. Nilimwambia sitayarudisha.

Barua ya karipio ililetwa siku ya pili, kwa kubadilisha mtambo wa serikali bila idhini na kukataa amri halali ya mkubwa wa kazi. Iliniondolea kupandishwa cheo mwaka ule na uliofuata. Nilisaini kwamba nimeipokea. Halafu nikaenda stoo nikachukua karatasi ya kaboni, nikaipachika kwenye taipu, ili neno la mwisho likitoka tena litoke nakala mbili, na nikamwambia Felisiani ya pili itakuwa inakaa kwake.